Kifusi cha lami kwenye tabaka la msingi: tathmini ya mzigo na kazi ya Uyole

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni kifusi cha lami, yaani lami ya zamani iliyokwanguliwa barabarani na kusagwa. Tulikinunua ili kijenge tabaka la msingi la barabara inayoingia kwenye ghala la mahindi na viazi nje kidogo ya Uyole, Mbeya, pamoja na uwanja ambao malori hugeuzia na kusubiri zamu ya kupakia. Kazi yangu ni ufundi sanifu wa barabara, na katika mradi huu nilisimama upande wa wakulima wenye ghala: nilikagua mzigo ulipofika, nilisimamia uchanganyaji na ushindiliaji, na nimeendelea kuipima barabara tangu masika yalipoanza hadi yalipokwisha. Ninaandika kwa sababu wenye maghala, wenye vituo vya mafuta na hata kamati za ujenzi wa makanisa wananiuliza swali lilelile, kama kifusi hiki kinaweza kuchukua nafasi ya kokoto. Kinafaa sana kikiwa sehemu ya mchanganyiko. Kikiwekwa peke yake chini ya malori yanayosimama hakifai, na udhaifu wake hauonekani siku ya kukabidhiwa kazi, kwa sababu siku hiyo huwa kimelala vizuri, cheusi na kigumu, kiasi kwamba mtu asiyekijua hudhani amekwisha kujengewa barabara ya lami.

Uamuzi wetu wa kukinunua ulitokana na ardhi ya huku. Sehemu kubwa ya eneo lililo kati ya Mbeya mjini na milima ya Rungwe imefunikwa na majivu na mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu ambayo ukiyatupa majini huelea. Udongo huu huzaa viazi vizuri, lakini kwa barabara ni mtihani: ukikauka hutimua vumbi jepesi, ukilowa hupoteza nguvu, na mawe yake husagika chini ya rola kabla hata ya lori la kwanza kupita. Moramu, yaani udongo wa changarawe, inayofikia kiwango cha tabaka la msingi haipatikani kila mahali, na kokoto ya machimbo hulipiwa mara mbili, kwanza machimboni na pili kwenye usafiri.

Wakati huohuo magari yanayoingia ghalani si ya kubeza. Uyole ndipo barabara ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu inapoungana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kwa hiyo gari linalopakia kwetu linaweza kuwa Fuso la mfanyabiashara wa Mwanjelwa au semitrela inayokwenda kushusha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu gari zima kufikia tani 56 likiwa na ekseli za kutosha, lakini lori linapotoka ghalani halijafika kwenye mzani wowote. Uzito uliozidi hukamatwa mbele ya safari, Makambako au Wenda, baada ya kuwa umekwisha kuikanyaga barabara yetu. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, maana yake ekseli ikizidishiwa asilimia 20 tu, madhara yake huwa maradufu. Mwenye ghala anayejenga barabara ya ndani kwa kufikiri kwamba ni njia fupi, na kwa hiyo inahitaji msingi hafifu, anajidanganya.

Sasa niingie kwenye mzigo wenyewe. Donge la kifusi cha lami kwa nje lina rangi ya kijivu iliyokoza, lakini ukilipasua kwa nyundo ndani yake ni jeusi linalong'aa, na kokoto zimebanana vilevile zilivyoshindiliwa zilipowekwa barabarani mara ya kwanza. Saa mbili asubuhi, baridi ya Uyole ikiwa bado haijaondoka, donge hilo huvunjika kama tofali. Saa nane mchana, baada ya kukaa juani, chembe zake ukizikandamiza kwa nguvu kiganjani huanza kushikamana. Mabadiliko hayo ya asubuhi na mchana yanaeleza karibu kila jambo lililotokea baadaye katika kazi hii. Kwa uzito, asilimia 4 hadi 6 ya kifusi huwa ni lami yenyewe, ile gundi nyeusi iliyozishika kokoto, na sehemu nyingine yote ni kokoto ambayo ilikwisha kuchaguliwa, kusagwa na kupimwa ilipojengewa barabara ya awali. Kwa maneno mengine, anayekitupa kifusi hiki korongoni anatupa kokoto bora kuliko nyingi tunazouziwa leo, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha ya kukitetea.

Lalamiko langu la kwanza ni kwa muuzaji, ambaye sitamtaja. Makubaliano yalisema kifusi kitachekechwa na kwamba hakuna punje itakayozidi milimita 37.5. Tipa za mwanzo zilileta kifusi kilichokwanguliwa kwa mashine, chembe zilizolingana na safi. Zilizofuata zilileta mabonge yaliyong'olewa kwa kijiko cha mtambo wa kuchimbia, mengine hayaingii hata ndani ya ndoo, yakiwa yamebeba udongo mwekundu wa tabaka lililokuwa chini ya lami hiyo. Hivi ni vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina moja. Kifusi cha mashine hutokana na ngoma yenye meno inayokwangua lami kwa unene uliopangwa, ndiyo maana hutoka kikiwa kimesagika. Kifusi cha kijiko hutokana na lami kubanduliwa vipandevipande, na hakiwezi kutumika mpaka kisagwe na kuchekechwa. Bonge likibaki ndani ya tabaka lenye unene wa milimita 150, rola hupita juu yake bila kushindilia kilicho pembeni yake, na masika yakianza maji hutafuta upenyo huohuo. Tulizikataa tipa hizo. Muuzaji alibisha, kisha akakubali kuzirudisha, na kwa hilo namshukuru, ingawa ratiba yetu iliumia.

Kuna dhana moja ambayo nimeisikia kwa watu wenye elimu ya kutosha, kwamba lami iliyomo ndani ya kifusi italainika kwa jua na kuziunganisha kokoto upya, hivyo tabaka litazidi kuimarika siku hadi siku. Dhana hii ina chembe ya ukweli, lakini ndiyo inayowaponza wanunuzi wengi. Lami iliyokaa barabarani kwa miaka mingi imeshambuliwa na oksijeni ikakakamaa, na bila kupashwa moto hadi kiwango cha kiwandani haiyeyuki ikawa gundi mpya. Inachofanya ni kuzifunika kokoto kwa utando. Kokoto tupu hupata nguvu kwa kukwaruzana, kona kwa kona, huku vumbi la mawe likijaza nafasi zilizobaki. Kokoto zenye utando huteleza zaidi, na vumbi lao limefungwa ndani ya lami na haliwezi kujaza nafasi hizo. Ndiyo sababu kipimo cha CBR, kinacholinganisha uwezo wa tabaka kuhimili mzigo na ule wa kokoto bora ya mfano, hushuka kadiri kiasi cha kifusi kinavyoongezeka kwenye mchanganyiko. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 wa usanifu wa tabaka za barabara unadai, kwa daraja la G80, CBR isiyopungua 80 baada ya sampuli kulowekwa siku nne, na una daraja la G60 kwa barabara zenye magari machache. Kifusi cha lami kitupu hakikaribii 80. Kikichanganywa nusu kwa nusu na kokoto nzuri yenye vumbi lake, mchanganyiko huwa na nafasi halisi ya kufika panapotakiwa, na nusu ndicho kikomo kinachotajwa mara nyingi hata Marekani, nchi inayokusanya zaidi ya tani milioni 90 za kifusi hiki kila mwaka na kurudisha sehemu kubwa kwenye lami mpya ya moto, huku sehemu ndogo ikienda kwenye tabaka za msingi.

Jambo gumu zaidi kulieleza kwa mteja ni kwamba kifusi hiki kina tabia mbili zinazoonekana kupingana. Gurudumu likipita kwa kasi, tabaka lenye kifusi cha lami hujibu kwa ukakamavu, tena mara nyingi kuliko kokoto tupu, kwa sababu lami hukakamaa inapopigwa ghafla. Gurudumu likisimama, lami hiyohiyo huanza kusogea taratibu, na kila lori linaposubiri kwa saa kadhaa huacha mbonyeo mdogo usiorudi ulivyokuwa. Kwa hiyo mtu anaweza kupima barabara kwa gari linalotembea akaridhika kabisa, halafu uwanja wa kusubiria ukamwangusha. Kwenye ghala, magari husimama kuliko yanavyotembea, na hili lilipaswa kuongoza mpangilio mzima wa kazi.

Mpango wetu uliandikwa hivyo. Barabara yote na uwanja wote vilitakiwa kupata mchanganyiko wa nusu kifusi na nusu kokoto ya machimbo, kwa uzito, katika tabaka la milimita 150 juu ya tabaka la chini la moramu. Kampuni iliyopewa kazi, nayo sitaitaja, ilifanya sehemu ya barabara vizuri sana. Kifusi kilitandazwa kwanza, kokoto ikamwagwa juu yake, greda likageuza mchanganyiko mara nyingi hadi rangi ikawa moja kutoka ukingo hadi ukingo, boza likanyunyiza maji, kisha rola ya mtetemo ikaanza. Dereva wa greda ana mkono wa kusifiwa. Alikuwa akishuka na kuchimbua kwa mguu kuona kama chini kumechanganyika kabla ya kuruhusu boza lipite. Ushindiliaji ulifanyika kuanzia saa nne asubuhi, si alfajiri, kwa sababu kifusi cha baridi hukataa kubanana. Hilo ni jambo la nyanda za juu ambalo vitabu vilivyoandikwa kwingine havilitilii mkazo: Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na mtu akianza kushindilia mwezi Juni kabla jua halijapanda, atahesabu mizunguko ya rola bila kupata msongamano, yaani uzito kwa kila ujazo unaoonyesha kwamba punje zimebanana.

Kipimo cha msongamano nacho kilituletea mvutano ambao naona ni vema uandikwe, maana utawakuta wengine. Maabara ilileta kifaa cha nyuklia, ambacho hupima unyevu kwa kuhesabu haidrojeni iliyomo ardhini. Usomaji ulionyesha kwamba tabaka limelowa kupita kiasi, mkandarasi akataka kusubiri likauke, ilhali kwa macho lilikuwa linaanza kutimua vumbi. Kijana wa maabara ndiye aliyemaliza ubishi. “Mzee,” aliniambia, “kifaa hiki kinahesabu lami kama maji.” Alikuwa sahihi kabisa. Lami imejaa haidrojeni, na kifaa hakiwezi kuitofautisha na ile ya maji, hivyo unyevu huonekana mkubwa na msongamano mkavu huonekana mdogo kuliko ulivyo. Tukarudi kwenye kipimo cha kawaida cha kuchimba shimo na kulijaza mchanga, na sampuli za unyevu zikakaushwa kwenye oveni ya nyuzi 60 badala ya nyuzi 110 zilizozoeleka, kwa sababu kwenye 110 lami hulainika na matokeo huharibika. Vilevile mtu asishangae akiona uzito wa mchanganyiko huu kwa mita moja ya ujazo ni mdogo kuliko wa kokoto tupu. Lami ni nyepesi mno ikilinganishwa na jiwe, na kulinganisha msongamano wake na wa kokoto ni kuuhukumu kwa kipimo kisicho chake. Ulinganishwe na matokeo ya maabara ya mchanganyiko huohuo.

Uwanja wa kusubiria haukupata bahati ya barabara. Kokoto ya machimbo ilichelewa, mkandarasi akataka kumaliza, na bila idhini yangu akatandaza kifusi kitupu kwenye theluthi moja hivi ya uwanja, upande wa geti. Kilishindiliwa, kikang'aa, na kila aliyekiona alikisifu kuliko ile barabara yenye mchanganyiko, ambayo ilikuwa na rangi ya kijivu yenye madoadoa na haikuvutia macho. Niliandika pingamizi na kuendelea kupima. Kwa kipimo cha kupigilia koni, kile chenye nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka milimita 575, sehemu ya kifusi kitupu ilikubali koni upesi zaidi kuliko sehemu yenye kokoto, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi mchana kuliko asubuhi.

Masika yalipoanza Novemba, na mahindi ya msimu uliopita yakiwa bado yanatoka ghalani, matokeo yalijionyesha bila kuhitaji kifaa. Upande wa geti, mahali ambapo semitrela husimama zikisubiri kupakia, mifuo miwili ilijichora chini ya magurudumu ya nyuma, na pembeni ya mifuo hiyo kifusi kikainuka. Maji yakakaa ndani ya mifuo. Tabaka lenyewe halikuyeyuka wala kugeuka tope, na hapo nakitendea haki kifusi: kokoto zenye utando wa lami hazinywi maji kirahisi, na baada ya mvua uso wake ulikauka kabla ya udongo wa jirani. Lakini maji yaliyokaa kwenye mifuo yalipata njia ya kushuka hadi kwenye udongo wa majivu ulio chini ya moramu, na huko ndiko udhaifu ulikuwa unasubiri. Kwa upande wa barabara yenye mchanganyiko, ambayo ilipokea malori yaleyale, hakukuwa na mfuo wa kuandikia ripoti. Palipokuwa na tatizo ni kwenye kona moja tu, ambapo punje za juu zilichomoka kwa kukata kwa magurudumu, na sababu yake ni kwamba tabaka lilikuwa bado halijafunikwa.

Yapo mambo ya hali ya hewa yaliyotusaidia na ambayo msomaji wa mahali pengine asiyachukue kama ahadi. Baridi ya Uyole huifanya lami iliyomo kwenye kifusi kuwa ngumu kwa sehemu kubwa ya siku. Kifusi hichohicho kikipelekwa Kyela, kwenye joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa ulio kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, kitabonyea zaidi chini ya gari lilelile, na mnunuzi wa huko anapaswa kupunguza kiasi cha kifusi au kukitia saruji. Mwenzake wa Njombe au Makambako ana afadhali ya baridi, lakini ajiandae kwa ushindiliaji mgumu zaidi. Rungwe kuna suala jingine, nalo ni mvua. Miteremko ya kusini ya mlima huo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na pale mtaro mzuri una thamani kuliko tofauti yoyote ya aina ya kokoto.

Marekebisho ya uwanja yalifanywa na mkandarasi kwa gharama yake, baada ya majadiliano marefu lakini ya heshima. Kifusi cha upande wa geti kilifumuliwa, kikachanganywa na kokoto iliyokuwa imefika, na safari hii tukaongeza saruji asilimia 3 kwa uzito. Saruji Mbeya si shida, maana kiwanda kipo hapahapa Songwe, na kwenye uwanja wa magari yanayosimama ndiyo dawa ya ule msogeo wa polepole, kwa kuwa inazifunga punje mahali ambapo lami peke yake ingeziachia. Inahitaji nidhamu, hata hivyo. Mchanganyiko ukishapata maji ni lazima ushindiliwe kabla saruji haijaanza kushika, na baada ya hapo uso uwekwe na unyevu kwa siku saba bila lori kukanyaga. Wenye ghala walilalamika kwa ajili ya siku hizo saba, nikawaelewa, lakini sikukubali kuzipunguza. Pia si sahihi kudhani kwamba saruji nyingi ni bora zaidi. Ikizidi, tabaka hukakamaa mno, hupasuka kwa kusinyaa, na nyufa zake huchomoza hadi kwenye lami ya juu.

Kwa barabara kubwa ipo njia bora kuliko yetu, ambayo ni kuikwangua lami ya zamani pamoja na sehemu ya msingi wake na kuichanganya palepale na lami yenye povu. Wazo hilo lilianzishwa na Ladis Csanyi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa mwaka 1956: lami ya moto, nyuzi 160 hadi 180, ikidungwa maji kidogo hufura na kuwa povu, na katika muda mfupi wa povu hilo huweza kuchanganyika na mawe ya baridi yenye unyevu. Wenzetu wa Afrika Kusini wameandika miongozo mizuri ya kazi hiyo, na vipimo vyake vya kawaida ni lami mpya ya asilimia 2 hadi 2.5 na saruji isiyozidi asilimia 1. Mashine yake haiwezi kuletwa kwa barabara ya ghala moja, kwa hiyo sitaijadili zaidi, ila natamani kuiona ikitumika sana kwenye barabara zetu kuu za nyanda za juu, ambako kila mzigo wa kokoto mpya unaopandishwa mlimani unatumia dizeli ambayo ingeweza kuokolewa.

Kuhusu bei, ushauri wangu wa kwanza ni kukataa kununua kwa tripu. Tipa mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana sana kwa kilichomo, na kifusi kilichonyeshewa huuza maji pamoja na kokoto. Tulipoanza kupima kila tipa kwenye mzani wa ghala, ule unaopimia mahindi, mzigo uliongezeka wenyewe. Kwa kuwa kifusi ni chepesi kuliko kokoto, tani moja yake hufunika eneo kubwa kidogo zaidi, na mnunuzi ana haki ya kuiingiza faida hiyo kwenye hesabu yake. Kinachoamua, hata hivyo, ni umbali. Kifusi kilichokwanguliwa karibu hushinda kokoto kwa bei bila ubishi. Kikitoka wilaya nyingine, nafuu yote huliwa na mafuta ya tipa, na kwa kuwa bado utahitaji kokoto kwa nusu ya pili, utakuwa umelipa safari mbili badala ya moja. Ushauri wa pili ni kuomba karatasi. Lami iliyokwanguliwa kwenye barabara ya TANROADS au ya TARURA si mali ya dereva wa tipa, na muuzaji mwaminifu huonyesha bila kukasirika jinsi alivyoipata. Wetu alionyesha.

Uhifadhi ni rahisi, ila watu huukosea. Lundo refu lenye umbo la pia ni bora kuliko lundo lililotandazwa, kwa sababu uso wake hujifunga ganda la sentimita 20 hadi 30 linalomwaga maji ya mvua, na ndani hubaki laini. Gari likiruhusiwa kupanda juu yake, kifusi hushikamana na kurudi kuwa mabonge. Ingawa kifusi safi cha lami hakijulikani kwa kuchafua maji kwa kiasi cha kutisha, sisi tulikiweka mbali na chemchemi inayotumiwa na majirani, na ningemshauri kila mtu afanye vivyo hivyo.

Tabaka hili, hata likiwa bora namna gani, halikukusudiwa kubaki wazi. Wakulima wamekubali kutenga fedha za mauzo ya viazi ili uso ufunikwe kwa lami ya kupulizia na kokoto ndogo kabla ya Novemba ijayo, tukianza na ile kona inayochomoka punje. Kwa kipande cha barabara kilichobaki, kinachokwenda kwenye stoo ya mbolea, tumeagiza kifusi tena, kwa muuzaji yuleyule, kwa masharti matatu yaliyoandikwa kwenye oda: kiwe cha mashine tupu kilichopita kwenye chekeche la milimita 37.5, kila tipa ipite kwenye mzani wetu, na kokoto ya kuchanganyia iwe imekwisha kufika na kuhesabiwa kabla ya tipa ya kwanza ya kifusi kuruhusiwa kumwaga.